Fundi wa kanda wa Kariakoo aliyesafisha kaseti mpaka cherehani ikapotea

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni Mapipa, mwaka wa 22 huu. Nalisema mapema ili nikimsema fundi mwenzangu kwa kuchelewesha kazi mjue kwamba nasema huku nina magauni matatu ya watu hapa pembeni hayajatiwa pindo.

Kazi niliyompelekea ni kaseti nne na mkanda mmoja wa video. Tulivikuta kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha marehemu mama, Temeke, siku tunagawana nguo zake baada ya arobaini. Vimefungwa kwenye kanga iliyochujuka. Mkanda ni wa harusi ya dada yangu, 1996. Kaseti ni barua.

Ndiyo, barua. Baba alikuwa mtu wa TAZARA, kituo chake Mlimba, kule Kilombero, na mama alibaki Dar na sisi. Mama kusoma alijua, alipitia kisomo cha watu wazima, ila kuandika kulimpa tabu, na mtu wa kumwandikia hakumtaka. Alikuwa anasema, "Mambo yangu na mume wangu ayajue mwandishi kwanza, halafu ndiyo ayajue mume?" Basi wakawa wanapelekeana kaseti. Mama anaweka redio kaseti ya National juu ya kigoda, anabonya vile vitufe viwili kwa pamoja, anaongea huku anashona, kisha kaseti inafungwa kwenye karatasi ya kaki na kupelekwa stesheni kwa gadi anayemfahamu. Baba akishasikiliza anarekodi majibu yake juu kwa juu na kuirudisha. Ndiyo maana zimebaki nne tu, zilikuwa ni zilezile zinakwenda na kurudi. Mbili zilikuwa zimevunjwa vile vijino vya nyuma vya kuzuia isirekodiwe tena, na mama akaziba matundu kwa karatasi aliyoifinyanga. Karatasi ile bado ipo. Ni gazeti.

Kabla ya huyu wa Kariakoo nilijaribu kwa mwingine, karibu na nyumbani. Alitia kaseti kwenye redio, akasimamisha simu yake mbele ya spika, akaniambia nisubiri. Rekodi niliyopewa ina honi ya bajaji na mtu anaulizia chaja ya pini ndogo. Shilingi elfu tano zangu zikaishia hapo.

Huyu nilielekezwa na mteja wangu mmoja. Unashuka mwendokasi Msimbazi Polisi, unaingia mitaa ya nyuma, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Nisiwadanganye, niliingia kwanza kwenye vitambaa na nilipanda ngazi nina mita nne za satini. Jina lake sitaji, maana kuna kosa nitalisema hapa na mwenyewe alilirekebisha. Chumba ni kidogo, hakina bango. Deki tatu za video zimebebana, redio kaseti ya milango miwili, kompyuta moja, feni, chupa ya spiriti na pamba, na boksi la kaseti za zamani ambazo anazitumia kama vipuri. Deki zenyewe anazinunua mbovu mbovu na kuunganisha mbili zipatikane moja, kwa sababu mpya hakuna: kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi ya kaseti unaiweza au unajaribu?"

Akacheka. "Nipe kwanza niione."

Hapo ndipo aliponipata. Alichukua kaseti ya kwanza na hakuitia kwenye mashine. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani, akaizungusha kwa kalamu ya Bic, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, huku amesogeza sikio. Ikagoma. Akanionyesha kile kipande kidogo cha sufi kinachokaa nyuma ya utepe, kinachousukuma uguse hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Gundi imekauka, kimebanduka. Ukiipiga hivyo sauti inakuwa ya chinichini, inakwenda inarudi, na mtu asiyejua anakwambia kaseti imekufa.

Kaseti ya mama haina skrubu, imegandishwa pande zote. Akachukua kisu chembamba akaingia kwenye mshono. Nimeuita mshono kwa sababu alifanya ninavyofanya mimi nikifumua zipu ya gauni la hariri: hakuvuta, alikwenda kidogo kidogo, anasimama, anageuza, anaendelea. Gamba likaachia. Akafungua kaseti moja ya vipuri, ya skrubu tano, akatoa utumbo wake. Kisha akanyanyua magurudumu mawili ya mama pamoja na utepe wake bila kuugusa kwa vidole, akayalaza kwenye gamba lile jingine, akapitisha utepe kwenye viroli vya pembeni na mbele ya sufi mpya, akafunika, akakaza. Dakika kumi hivi. Gamba la zamani hakulitupa. Alilifunga kwa raba na kuniwekea kwenye mfuko, kwa sababu lina mwandiko wa baba: "Mlimba 3/86". Sikumwambia afanye hivyo.

Akabonya.

Ikaanza ngoma ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania, sekunde mbili tatu, halafu klak, halafu cherehani. Mama alikuwa hajasema neno. Ilikuwa cherehani yake, Butterfly ya miguu, ambayo mpaka leo ndiyo ninayofanyia kazi umeme ukikatika. Nikasikia mguu hausimami, nikajua hilo ni pindo refu, pazia au shuka. Mguu ukapunguza, akageuza kona, akaachia. Ndipo akasema, "Baba watoto, hujambo huko. Huku mvua tangu juzi. Nguo za watu hazikauki na mkaa wa pasi umepanda."

Yule kijana akainamia simu yake kama mtu aliyepata ujumbe. Hakuwa amepata ujumbe wowote. Adabu ile nayo naihesabu kwenye huduma.

Bei zake ni hizi, kwa nilivyolipa mimi: kaseti moja elfu kumi, kubadilisha gamba elfu tatu, mkanda wa video elfu ishirini. Nililalamika kidogo, akanieleza kwamba kaseti ya dakika 90 inamla dakika 90. "Hii siyo flashi, mama. Haikopiwi, inasikilizwa." Kaseti nne ni saa sita kamili, na hapo umeme usikatike. Nikaona ni haki. Nikatoa nusu, akaniandikia risiti, akasema Alhamisi.

Alhamisi umeme ulikatika. Ijumaa hakupokea simu. Jumamosi nikaenda mwenyewe, na kwa kweli sikuwa na uso wa kumgombeza.

Sasa kosa. Akanivalisha hedifoni, akafungua faili la kaseti ya kwanza, akakaa pembeni anasubiri nifurahi. Mama anasikika wazi, wazi kuliko kwenye ile redio. Ila yuko peke yake. Mvua hakuna. Cherehani hakuna. Akisema neno, neno linakuja. Akinyamaza, panakuwa kimya cha kuziba masikio, halafu neno jingine linachomoza. Na sauti yenyewe imekuwa kama ya mtu aliyeinamia mtungi.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimekusafishia, mama. Makelele yote nimeyatoa."

Nikamwambia anionyeshe alivyofanya, akanionyesha bila kuficha. Ile programu ya kompyuta unaipa kipande cha rekodi ambacho hakuna mtu anayeongea. Inakisoma, inakihesabu kuwa ndiyo kelele, kisha inapita kwenye faili zima na kupunguza kila kinachofanana nacho. Kwa kaseti inayovuma tu, nadhani ni dawa nzuri. Lakini kipande alichokipa ni zile sekunde za mwanzo, kabla mama hajafungua mdomo. Yaani aliiambia kompyuta kwamba kelele ni cherehani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo kelele ndiyo iliyonisomesha."

Hakubisha. Kilichoniuma ni kwamba kwa kaseti ile ya kwanza hakuwa ameweka nakala ghafi, alisafisha na kuhifadhi juu ya ileile. Tatu nyingine ghafi zilikuwepo. Ikabidi kaseti ya mama ipigwe upya, na kaseti ya umri ule kila ukiipiga unaitia hatarini. Aliipiga bure, mimi nimekaa kwenye kiti chake, dakika 90 zote, pande zote mbili, na satini yangu ya kesho yake ikasubiri. Kosa ni lake, lakini na mimi nilipaswa kusema toka mwanzo. Wateja wangu huwa naandika kwenye daftari: mkono mrefu au mfupi, bitana au hapana. Yeye hana daftari la namna hiyo. Angeuliza swali moja tu, "Nisafishe au niache?", tusingefika huko.

Kwa hiyo ukienda, sema hivi: nipe ghafi kwanza, ambayo hujaigusa, kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Ni nzito, upande mmoja wa dakika 45 unakula kama MB 450, lakini ndiyo ya kuweka. Halafu nipe ya MP3, iliyobanwa, ambayo upande huohuo unakuwa MB 40 na kitu, ya kuwatumia watu. Akitaka kusafisha, asafishe ya tatu. Na nenda na flashi yako uliyokwisha kuijaribu. Za bei poa zinazouzwa huko mtaani zimeandikwa GB nyingi juu ya plastiki, ndani hamna kitu. Unajaza faili, linaonekana jina, ukifungua halifunguki. Mimi nimeweka moja kwangu, moja kwa kaka, na nakala nyingine kwenye akaunti ya Google, ile nafasi ya bure ya GB 15 inatosha sauti zote hizi.

Video sasa. Hapa simpi sifa nyingi. Kosa la kwanza si lake: mkanda ulikuwa na ukungu, madoadoa meupe pembeni ya utepe kama unga wa muhogo, kwa joto hili letu na unyevu wa bahari si ajabu. Alikataa kuutia kwenye deki hivyohivyo, kwamba ukungu unahamia kwenye hedi na kuambukiza mikanda ya watu wengine. Aliufungua, akaupitisha kwa mkono kwenye pamba yenye spiriti, mita kwa mita. Hapo sawa kabisa. Chenga zimebaki sehemu ya kwanza, bibi harusi anaingia ukumbini kama anatembea kwenye manyunyu, kisha panatulia.

Lakini nilipoiangalia nyumbani kwenye televisheni, wote wamenenepa. Shemeji yangu siku ile alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kwenye faili ana mashavu. Picha za mikanda ile zilikuwa nne kwa tatu, karibu mraba, yeye kazivuta zijaze kioo cha siku hizi cha kumi na sita kwa tisa. Na chini, toka mwanzo mpaka mwisho, namba yake ya simu inapita. Inapita kwenye keki. Inapita kwenye uso wa babu akitoa mawaidha. Nikampigia: hivi mimi nikikushonea suruali naandika namba yangu kwenye kalio? Namba aliitoa siku hiyohiyo. Kurudisha picha kwenye umbo lake alitaka nimwongezee elfu tano, tukabishana, nikatoa elfu mbili. Haikuwa haki yake kudai hata hiyo mbili.

Niongeze kitu kuhusu mkanda wenyewe, kwa vijana. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Harusi hii ni miaka miwili baadaye, na kijana wa kamera alikuwa mkubwa kuliko bwana harusi. Watu wanamtazama yeye, wanajipanga nywele. Kuna mahali kamera inasahauliwa mezani inaendelea kurekodi, dakika nne nzima ni miguu na pindo za magauni. Fundi alitaka kuikata. Nilimzuia. Mapindo yale mama alishona saba.

Tulipotaka kushirikisha ndugu, ndipo tabu ya nyumbani ilipoanza, na hii haimhusu fundi. Dakika ya 27 ya kaseti ya pili mama anamsema jirani mmoja, deni la sukari na maneno mengine ya wanawake. Jirani yule yupo hai, na wanawe wamo kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, mmoja ameoa kwetu. Kaka akasema ikatwe. Dada akasema mama hakatwi. Siku tatu hatukusalimiana vizuri. Mwisho tukakubaliana ile nzima ibaki kwetu watatu, kundini iende iliyokatwa, itumwe kama dokumenti. Fundi aliikata kwa elfu mbili, safi, husikii kiraka.

Hapo hapo nikamwuliza nakala zetu zilizomo kwenye kompyuta yake anazifanyia nini. Akasema huwa anaziweka tu, mteja akipoteza anarudi. Nia njema, lakini mama yangu anamwambia mume wake mambo ya chumbani mle ndani. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na fundi wa namna hii anapaswa kuwa na hata karatasi moja ukutani inayosema anaweka kwa siku ngapi na anafuta lini. Hana. Nilimwambia afute nikiwa nimesimama, akafuta, na kwenye kapu la taka la kompyuta akafuta pia. Wewe usipomwambia hatafuta.

Shangazi yetu yuko Muheza, simu yake ni kiswaswadu, hayo mafaili hayamhusu. Ila ana redio ndogo ya kuchomeka memori kadi, anayosikilizia kaswida. Tukamwekea kaseti ya kwanza, ile ghafi yenye cherehani, kwenye kadi. Kadi nikaifunga kwenye kipande cha satini nikaenda stendi ya Magufuli, Mbezi, nikampa kondakta wa basi la Tanga ninayemfahamu, na nauli ya soda. Ilifika siku hiyohiyo. Usiku shangazi akapiga.

"Nimemsikia wifi yangu. Kumbe alikuwa anashona usiku?"

"Umejuaje usiku, shangazi?"

"Si hao vyura."

Nikarudia kusikiliza. Nyuma ya mvua, nyuma ya mguu wa cherehani, wapo, wengi, wa bondeni kule Temeke kabla halijajengwa. Nilisikiliza mara kumi sikuwasikia. Kwenye ile iliyosafishwa nimetafuta, hakuna hata mmoja.

Nyota nne kwa kaseti, moja nimeikata kwa lile la kusafisha bila kuuliza. Video, mbili, na hiyo ya pili ni ya ule ukungu alioufuta kwa mkono. Wiki iliyopita dada amepata kaseti ya tano nyuma ya kabati, utepe umekatika katikati, na nimempelekea yuleyule. Ameniuliza, kabla sijakaa, "Nisafishe au niache?" Akasema Alhamisi. Na mimi yale magauni nimewaambia wenyewe Alhamisi.